Basi la waya: Usafiri ambao Afrika Mashariki haikuujaribu, na somo lake kwa Sumbawanga

Na Mwandishi Wetu, Sumbawanga

MANISPAA ya Sumbawanga ilikuwa na wakazi 209,793 wakati wa Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2012. Sensa ya mwaka 2022 iliwakuta 303,986. Katika miaka kumi tu, mji huu ulio juu ya uwanda wa Ufipa, mita zipatazo 1,800 kutoka usawa wa bahari, umeongezewa watu zaidi ya 94,000 ambao kila asubuhi wanahitaji kufika sokoni, kazini, shuleni na hospitalini.

Wanafikaje? Wengi huenda kwa miguu. Wengine hupanda baiskeli, bodaboda au bajaji, na wanaotoka vijijini huingia mjini kwa mabasi madogo au nyuma ya malori yaliyobeba mahindi. Usafiri huo unafanya kazi, lakini haukupangwa na mtu yeyote. Umeota wenyewe, kama njia ya miguu inavyoota penye watu wanaopita.

Ipo miji duniani iliyofuata njia tofauti. Iliamua kwanza watu wake wasafiri vipi, kisha ikajenga usafiri huo kabla mji haujatanuka. Mfano mmojawapo ulio wazi ni wa mabasi yanayokwenda kwa umeme wa waya, ambayo Waingereza waliyaita ‘trolleybus’. Afrika Mashariki haijapata kuwa na mtandao wa mabasi hayo. Hata hivyo, kuuelewa mtandao huo unavyofanya kazi kunasaidia kujibu swali linaloikabili miji inayokua kama Sumbawanga: ni mambo gani hupaswa kuamuliwa mapema, na ni nani anayebeba gharama yasipoamuliwa?

Basi lenye pembe mbili

Katika Kiswahili, toroli ni kigari cha kusukuma kwa mikono. Basi linalozungumzwa hapa ni kitu kingine kabisa. Ni basi la kawaida lenye matairi ya mpira, usukani na viti, ila halina tangi la dizeli. Juu ya paa lake zimesimama fimbo mbili ndefu, mithili ya pembe za swala, ambazo ncha zake hugusa nyaya mbili zilizotandazwa juu ya barabara.

Kwa nini nyaya ziwe mbili? Treni ya umeme hutumia waya mmoja tu wa juu, kwa kuwa umeme ukishapita kwenye mota hurudi kupitia magurudumu ya chuma na reli. Basi lenye matairi ya mpira haliwezi kuurudisha umeme ardhini. Kwa sababu hiyo waya mmoja huleta umeme na wa pili huurudisha.

Umeme huo kwa kawaida huwa wa volti 600 hadi 750 za mkondo mmoja. Kwa kuwa umeme wa gridi huja katika mkondo unaobadilikabadilika na kwa msongo mkubwa zaidi, ni lazima kando ya njia vijengwe vituo vidogo vya kuupoza na kuugeuza. Basi huweza kuyumba mita kadhaa kulia au kushoto ili kukwepa gari lililoharibika. Lakini haliwezi kulipita basi jingine linalotumia nyaya zilezile, na fimbo zikichomoka kwenye makutano ya njia, basi husimama mpaka zirudishwe. Zamani huko Uingereza, mabasi hayo yalibeba mti mrefu wa mwanzi kwa ajili ya kazi hiyo.

Faida zake ni kubwa. Mota ya umeme haitoi moshi na kelele zake ni ndogo. Ina nguvu tangu gurudumu linapoanza kuzunguka, hivyo hupanda mlima bila kulalamika. Katika kuteremka, mota hiyo hugeuka jenereta na kusaidia kulizuia basi. Mahali palipoinuka kama Ufipa ipo faida nyingine: injini ya dizeli huhitaji hewa ili kuunguza mafuta, na hewa nyepesi ya milimani huipunguzia nguvu injini isiyo na kifaa cha kusukumia hewa. Mota ya umeme haina shida hiyo.

Upande wa pili wa shilingi ni gharama. Nguzo, nyaya na vituo vya umeme hulipiwa kabla abiria wa kwanza hajakata tiketi. Fedha hiyo hurudi pale tu ambapo mabasi ni mengi, yanapita mara kwa mara, na abiria ni wa uhakika kwa miaka mingi. Kwa lugha rahisi, basi la waya ni ahadi ambayo mji unatoa kwa wakazi wake kuwa njia hii itakuwapo kesho na keshokutwa.

Kutoka Berlin hadi Johannesburg

Gari la kwanza la aina hiyo lilijaribiwa na Werner von Siemens katika kitongoji cha Halensee, karibu na Berlin, Aprili 1882. Miaka 29 baadaye, mwaka 1911, miji ya Leeds na Bradford ilikuwa ya kwanza Uingereza kuanzisha huduma kwa umma. Bradford pia ndiyo iliyokuwa ya mwisho nchini humo kuifunga, mwaka 1972. Moscow ilianza mwaka 1933, ikaja kuwa na moja ya mitandao mikubwa kabisa duniani, na kuufunga mwaka 2020.

Barani Afrika, historia ndefu ya mabasi hayo iko Afrika Kusini. Durban na Cape Town ziliyaanzisha mwaka 1935, na Johannesburg mwaka 1936. Sababu ilifanana. Miji hiyo ilikuwa na tramu za reli zilizochakaa, na kung’oa reli na kubakiza umeme ilikuwa nafuu kuliko kujenga reli upya. Aidha, nchi hiyo ilikuwa na makaa ya mawe mengi ya kuzalishia umeme, wakati mafuta yalilazimika kuagizwa kutoka nje.

Lakini mtandao humhudumia yule ambaye ulichorwa kwa ajili yake. Johannesburg ilitenganisha abiria wake kwa rangi ya ngozi. Soweto, walikokaa wafanyakazi wengi Waafrika waliolazimishwa kuishi mbali na katikati ya jiji, iliendelea kutegemea treni na mabasi ya dizeli. Waya haukuwafuata.

Baadaye magari binafsi yaliongezeka, vitongoji vikatawanyika mbali na nyaya, na vifaa vikazeeka. Cape Town ilifunga mwaka 1964, Durban mwaka 1968, na Johannesburg ikawa ya mwisho mwaka 1986. Mwaka 2017 teknolojia hiyo ilionekana tena barani, safari hii Marrakech nchini Morocco, ambako mabasi hutumia waya katika sehemu ya njia na betri katika sehemu iliyobaki.

Kwetu ilikuwaje?

Afrika Mashariki ya wakati wa ukoloni haikuwa na tramu za umeme za kubadilishwa, na umeme wenyewe ulikuwa wa mitaa michache. Mombasa, mwanzoni mwa karne ya 20, ilikuwa na vigari vilivyopita juu ya reli nyembamba mitaani, lakini nguvu iliyovisukuma ilikuwa ya binadamu. Zanzibar ilikuwa na treni ndogo ya Bububu, iliyokoma kubeba abiria miaka ya 1920. Baada ya hapo, mabasi ya petroli na dizeli yakatawala.

Dar es Salaam ilipata kampuni yake ya mabasi, DMT, mwaka 1949. Baada ya kampuni hiyo kutaifishwa, Shirika la Usafiri Dar es Salaam (UDA) lilianzishwa mwaka 1974 kuhudumia jiji. Ilikuwa nia njema, lakini ilikuja wakati mgumu. Bei ya mafuta ilipanda, vita dhidi ya Idi Amin ya mwaka 1978 na 1979 ikamaliza akiba ya taifa, na fedha za kigeni za kununulia vipuri zikawa adimu. Mabasi yalilala gereji huku jiji likiendelea kukua.

Mwaka 1983 Serikali iliruhusu watu binafsi kubeba abiria. Nauli ilikuwa shilingi tano, sarafu ambayo watu waliiita ‘dala’, na hapo ndipo lilipozaliwa jina la daladala. Gari hilo ni kinyume cha basi la waya kwa kila hali. Mtu mmoja hununua gari leo, kesho anaingia barabarani. Likikosa abiria Mbagala, atalipeleka Ubungo. Halihitaji nguzo, wala mhandisi, wala mpango wa miaka thelathini.

Daladala ziliiokoa Dar es Salaam. Lakini zilipolemewa, jiji lililazimika kurudi kwenye mpango uliokuwa umeahirishwa. Mabasi yaendayo haraka, maarufu kama mwendokasi, yalianza kubeba abiria Mei 2016 kutoka Kimara kwenda Kivukoni, Gerezani na Morocco, katika njia ya kilometa zipatazo 21. Kabla ya hapo ilibidi Barabara ya Morogoro itanuliwe, majengo yavunjwe na watu walipwe fidia. Nafasi ambayo ingetengwa kwa kuchora mstari kwenye ramani ilipatikana kwa nyundo na tingatinga.

Mji uliokuwa mbali na waya na lami

Sumbawanga ilikuwa na sababu zake za kuchelewa. Mkoa wa Rukwa ulianzishwa mwaka 1974, na makao yake makuu yakawa katika mji uliokuwa mbali na kila mtandao mkubwa wa taifa. Reli ya kutoka Kaliua, iliyojengwa na Waingereza kuelekea mwaka 1950 kwa ajili ya madini ya risasi, iliishia Mpanda. Reli ya Tazara, iliyokamilika katikati ya miaka ya 1970, ilipita Tunduma. Ufipa ilibaki katikati, bila reli upande wowote.

Kilichobaki kilikuwa barabara ya vumbi. Rukwa ni miongoni mwa mikoa inayotegemewa na taifa kwa mahindi, lakini msimu wa mvua ulipofika, malori yalikwama kwenye tope na safari ya kwenda Tunduma iliweza kumeza siku nzima. Mkulima aliyevuna sana ndiye aliyeumia sana, kwa kuwa bei ya mahindi shambani hupungua kadiri gharama ya kuyatoa inavyopanda.

Hali ilibadilika baada ya Tanzania na Marekani kutiliana saini, Februari 2008, mkataba wa msaada wa dola milioni 698 kupitia Mfuko wa Changamoto za Milenia. Sehemu ya fedha hizo ilitengwa kwa ajili ya lami ya Tunduma hadi Sumbawanga, kilometa zipatazo 224, katika vipande vitatu: Tunduma hadi Ikana, Ikana hadi Laela, na Laela hadi Sumbawanga. Barabara za kwenda Mpanda, na Matai hadi bandari ya Kasanga kwenye Ziwa Tanganyika, nazo zimewekewa lami. Mji uliokuwa mwisho wa safari umegeuka kuwa njia panda.

Umeme nao ulikuja kwa kuzunguka. Kwa muda mrefu Sumbawanga iliangaziwa na jenereta za dizeli, ambayo ilibidi isafirishwe kwa barabara hiyohiyo ya tope. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mji ulianza kupata umeme kutoka Zambia, kupitia Mbala, kwa njia ya msongo wa kilovoti 66. Ulikuwa umeme wa bei nafuu kuliko wa dizeli, lakini swichi yake kubwa ilikuwa nchi ya jirani. Zambia hutegemea maji ya Kariba na Kafue, na ukame wa mwaka 2024 ulionyesha hatari ya kutegemea chanzo kimoja, pale nchi hiyo ilipoingia katika mgawo mkali wa umeme.

Kutokana na hali hiyo, mradi wa njia ya kilovoti 400 kutoka Iringa kupitia Mbeya na Tunduma hadi Sumbawanga, ambao Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wake mwaka 2018, una maana kubwa kwa Ufipa. Lengo lake ni kuuunganisha ukanda huu na Gridi ya Taifa na, kwa upande wa pili, kuiunganisha Tanzania na Zambia ili kila nchi iweze kumsaidia mwenzake.

Nani anabeba hatari?

Msomaji anaweza kuuliza: habari ya nyaya za Johannesburg inamhusu nini kijana wa bodaboda wa Sumbawanga?

Inamhusu sana. Katika mtandao uliopangwa, umma ndio unaotanguliza fedha na kubeba hatari. Katika usafiri ulioota wenyewe, hatari hiyo hubebwa na mtu mmoja mmoja. Kijana hukopa pikipiki au kuichukua kwa mkataba, na kila jioni hupaswa kumpelekea mwenye chombo hesabu yake, abiria wawepo wasiwepo. Mvua ikinyesha, ni yake. Ajali ikitokea, ni yake na ya abiria wake. Petroli ikipanda bei, hana pa kukimbilia ila kupandisha nauli.

Abiria naye hubeba sehemu yake. Pikipiki hubeba mtu mmoja kihalali, na gharama yote ya safari hiyo huangukia mfuko mmoja. Basi hugawa gharama hiyo kwa abiria arobaini au zaidi. Tofauti hiyo haisumbui sana mji unapokuwa mdogo, kwa sababu wengi wanaweza kutembea. Mji unapotanuka, mama anayeuza mboga huanza kutoa sehemu kubwa zaidi ya faida yake kwa ajili ya kufika sokoni tu.

Waya au betri?

Si lazima Sumbawanga itandaze nyaya barabarani. Mji wa watu laki tatu wenye nyumba zilizotawanyika hauna bado abiria wa kutosha katika njia moja wa kuzilipia nguzo hizo. Wakati huohuo, teknolojia imesogea. Nairobi ilianza kutumia mabasi ya betri ya kampuni ya BasiGo mwaka 2022, na Uganda hutengeneza mabasi yake ya umeme kupitia kampuni ya Kiira. Kwa basi la betri, waya huishia kituoni, ambako gari huchajiwa.

Tanzania yenyewe si mgeni tena wa usafiri wa umeme. Treni ya reli ya kisasa ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, na kufika Dodoma Julai mwaka huohuo, ikitumia umeme wa waya wa juu. Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilianza kuzalisha umeme mwaka 2024. Wahandisi na mafundi wanaojua kuhudumia nyaya na mota za usafiri sasa wapo nchini.

Hata hivyo, betri haiondoi masharti matatu ambayo basi la waya liliyaweka wazi tangu mwanzo. La kwanza ni umeme usiokatika. Basi ambalo halikuchajiwa usiku ni sawa na basi lililokosa waya asubuhi. La pili ni nafasi barabarani. Basi lililokwama katikati ya bajaji, mikokoteni na malori ya mahindi halina faida kwa abiria, liwe la umeme au la dizeli. La tatu ni msimamizi mmoja anayepanga njia, muda na vituo, ili abiria ajue basi litapita saa ngapi badala ya kungoja lijae.

Kati ya masharti hayo, la umeme liko mikononi mwa taifa na mabilioni ya mkopo. La msimamizi linahitaji ushirikiano wa manispaa, Latra na wamiliki wa vyombo, na hatua ya kwanza inaweza kuwa ndogo: mabasi machache ya kawaida, katika njia moja au mbili, yanayotoka kwa saa maalumu. Waendesha bodaboda na bajaji hawapaswi kufukuzwa katika mpango huo. Kazi yao inayofaa zaidi ni kuwatoa watu mitaani, ambako basi haliwezi kuingia, na kuwafikisha kwenye njia kuu.

La nafasi ndilo rahisi kuliko yote leo, na ndilo litakalokuwa ghali kuliko yote kesho. Barabara za kutoka mjini kwenda Tunduma, Mpanda na Kasanga ndizo ambazo mji unazifuata katika kukua kwake, kwa kuwa kila mwenye duka hupenda kuwa kando ya lami. Zikitengwa sasa njia za mabasi, vituo na njia za waenda kwa miguu na baiskeli, na hifadhi ya barabara ikilindwa dhidi ya vibanda vinavyogeuka nyumba, gharama yake itakuwa vigingi na ramani. Zikiachwa kwa miaka ishirini, gharama itakuwa ile iliyolipwa Kimara.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Dar es Salaam, yenye wakazi zaidi ya milioni tano kwa sensa ya mwaka 2022, ilikunjwa ikiwa imeshakauka, na bado inaendelea kukunjwa. Sumbawanga ina watu laki tatu, lami mpya pande tatu, na viwanja vingi ambavyo bado havijajengwa.